Aliyeshika Kitufe Hasikii

Sauti ya Risper Akeyo ilijulikana Homa Bay nzima kabla ya uso wake. Kwa miaka mingi alikuwa opereta wa simu mjini, amekaa mbele ya swichibodi akiwaunganishia watu Kisumu, Nairobi na Mombasa. Wanaume waliombembeleza kwenye waya walikuja hadi kaunta ya posta kumtafuta mwenye sauti hiyo, wakaonyeshwa mwanamke mfupi mwenye miwani na sweta ya kijani, wakanunua stempu ambazo hawakuzihitaji na kwenda zao. Risper alicheka tu. Alisema sauti ni nguo ya kutokea, na wanaume wanapenda nguo.

Kazi ile ilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba opereta halii. Habari za vifo zilipita mikononi mwake kila siku, na alizitambua kabla hazijasemwa, kwa jinsi mtu alivyovuta pumzi. Alimsikia mama akiambiwa kuhusu mwanawe, akasubiri, kisha akauliza kwa sauti ile ile ya kila siku, "Mmemaliza, ama niongeze dakika?" La pili aliwaambia wasichana waliokuja kujifunza kazi kwake. Laini iliyokatika, alisema, utaijua kwa kelele zake. Laini ya kuogopa ni ile iliyo wazi na hakuna anayeongea, kwa sababu hiyo ina mtu.

Ilipofika mitambo ya watu kujipigia wenyewe, Risper alistaafishwa mapema na kurudi nyumbani kwake karibu na Rodi Kopany. Mumewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa na wana wawili, Willis na Jeff, ng'ombe wachache, na masikio yasiyo na kazi. Huko ndiko chama kilikomkuta.

Nikisema chama, usifikirie kile cha akina mama cha kuchangiana na kununuliana masufuria. Hiki hakikuwa na faida hata ya kijiko. Kilikuwa chama cha redio, si redio za kusikiliza matangazo ya vifo na mpira, bali zile za kuongea na kujibiwa. Mholanzi mmoja wa mradi wa maji alikianzisha kwa kupenda tu, na alipoondoka aliwaachia wenzake masanduku yake ya chuma, ndizo redio zenyewe. Kulikuwa na Fanuel wa Lambwe, aliyetumia ujana wake kutega mbung'o kwa ajili ya serikali. Kulikuwa na Nchagwa wa Kehancha, Mkuria mpole aliyelima tumbaku na kutengeneza redio za watu. Kulikuwa na Ongeri, mwenye duka la vifaa vya umeme Suna, ambaye angeweza kuongea hadi betri ya gari iishe na bado hajafika kwenye jambo lenyewe. Leseni zilichelewa sana hata Fanuel akasema atawarithisha wanawe barua ya maombi. Zilipotoka, watu wazima hawa wakawa wanakaa kila Jumamosi saa kumi mbele ya sanduku, wakiulizana kama mvua imenyesha. Wake zao waliwaona wamepungukiwa akili, na sidhani walikosea sana.

Risper alipofika aliambiwa awe mwitaji, yaani yule anayefungua kikao cha hewani na kuita majina kwa mpangilio wa kujiunga. Na kwa kuwa alizoea kufundisha, akawawekea sheria. Sheria ya kwanza aliirudia mpaka ikawa wimbo. Redio hizi si simu. Ukibonyeza kitufe cha maiki kuongea, sikio la redio linazibwa, na mtu anaweza kukuita hata kwa kilio usimsikie mpaka uachie. "Aliyeshika kitufe hasikii," alisema. "Ongeri, hiyo ni yako."

Kulikuwa na desturi nyingine mbili. Mtu ambaye betri yake imelala, au ana wageni sebuleni, hakulazimika kuongea. Alibonyeza kitufe na kugonga maiki kwa ukucha mara mbili, ko, ko, na maana yake ilikuwa nipo. Na mwanachama akifa, mwitaji aliita jina lake mara tatu hewani, akasubiri, kisha akasema, "Amefunga kituo." Baada ya hapo jina halikuitwa tena.

Willis, kifungua mimba wake, ndiye aliyekuwa na masikio ya mama. Alijiunga akiwa kijana na kuwa jina la tatu: Fanuel, Nchagwa, Willis, Ongeri. Aliweza kuitoa sauti ya mtu katikati ya ngurumo ya radi, akakuambia huyo ni nani na ana mafua. Kwa hiyo mwaka wa tisini na nne, watu wa Rwanda walipomwagika kuvuka mpaka kuingia Zaire, na shirika moja la misaada likawa linatafuta vijana wa kushika redio kule Goma, ombi hilo lilipita kwa Risper, na Risper akataja jina la mwanawe. Wakati huo lilikuwa jambo la kujivunia. Kijijini walichinja mbuzi.

Jumamosi nyingi, kazi ikimruhusu, Willis aliingia kikaoni kutoka kule. "Tatu nipo," angesema, na wote wangenyamaza, hata Ongeri. Aliwaambia habari za mlima unaotoa moshi na za kambi zisizo na mwisho. Siku moja alisema, "Mama, huku ardhi ni jiwe tupu. Hata kuzika watu ni shida." Risper alimjibu avae sweta.

Mwishoni mwa tisini na sita vita vilizuka tena upande ule. Willis aliita siku ambayo haikuwa Jumamosi, haraka haraka. "Wanasema tufunge vitu. Nitakuita Jumamosi, mama." Jumamosi hiyo Risper alikaa mbele ya redio hadi kuku wakaingia kulala. Baadaye shirika lilimtuma mtu na gari jeupe kuja kueleza kwamba Willis na dereva waliondoka asubuhi kuelekea mpakani na hawakufika. Gari halikuonekana, wala watu wake. Yule mtu alisema pole mara nyingi, akanywa soda nusu, akaondoka.

Shemeji yake Risper, mzee Caleb, ndiye mkubwa wa boma upande wa mume. Alikuja na wanawake wa ukoo, nao walikuwa wamejifunga leso viunoni tayari. Kwa Wajaluo kifo hakijatokea mpaka nduru ipigwe, na nduru ya kwanza ni ya mwenye msiba. Risper aliwakuta langoni.

"Nani amepiga nduru hapa?" aliwauliza.

"Hakuna," Caleb akasema, akimwita mama Willis kwa Kijaluo. "Tunakungojea wewe, Min Willis."

"Basi rudini. Mimi sijapiga."

Wakarudi, na leso zao. Watu walisema mengi njiani, lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hakuna aliyethubutu kumlilia mtoto ambaye mama yake amekataa kulia.

Kikao kiliendelea. Kila Jumamosi Risper aliita Fanuel, akaitikia. Akaita Nchagwa, akaitikia. Akaita Willis, akaachia kitufe, na redio ikatoa ule mvumo wake wa mvua ya mbali. Wengine walijikuna, walitazama dari, walisubiri. Kisha akaita Ongeri.

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka uliofuata, alimwita Nchagwa na Nchagwa hakujibu. Akapita. Akamwita Willis, akaachia kitufe. Na kutoka ndani ya ule mvumo ikaja: ko, ko.

Risper hakupiga kelele. Alivua miwani, akaiweka juu ya kitambaa cha meza. Kisha akabonyeza na kusema, kwa sauti ile ya swichibodi, "Willis, mama amekusikia. Usiongee, linda betri yako. Mungu asifiwe." Fanuel kule Lambwe alisema baadaye kwamba nywele za mikono zilimsimama. Ongeri alikosa neno, na hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Tangu siku hiyo Risper aliishi kutoka Jumamosi hadi Jumamosi. Aliita, akaachia, na ko, ko ikaja. Alijijengea maelezo: mtoto amefichwa msituni na watu wema, ana redio ndogo, betri haina nguvu ya kubeba sauti. Akawa anamweleza habari hewani, wote wakisikiliza kwa aibu. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Jeff amepata kazi ya kibarua kwenye barabara ya Rongo. Paa la nyumba yako linavuja, nitalitazama. Mvua za El Nino zilipokuja na kukata madaraja, chama kile cha wasio na kazi kikapata kazi kwa mara ya kwanza. Ndicho kilichopeleka habari za dawa na za wagonjwa kutoka Lambwe hadi Migori, na hata chifu alikuja kupiga hodi. Risper alisimamia yote bila kukosea. Lakini saa kumi ya Jumamosi hakuruhusu ujumbe wowote upite mpaka amwite Willis na kujibiwa.

Sasa nisimulie ya Jeff, kwa maana huyu alikuwa hai na watu walianza kumsahau.

Jeff alikuwa na mchumba, Millicent wa Lambwe, msichana mwenye subira kuliko inavyofaa. Lakini kwa mila ya kwao mdogo hamrukii mkubwa. Willis hakuwa ameoa. Nyumba yake ya ujana, ile iitwayo simba, inayojengwa karibu na lango, ilisimama imefungwa kwa kufuli, na mradi Willis hakuwa ameoa wala hajazikwa, Jeff hakuweza kuleta mke bomani. Millicent alikuwa tayari na mimba, yuko kwa mama yake, na mama yake alikuwa ameanza kuuliza maswali kwa sauti kubwa.

Tena Jeff alikuwa akiota. Alimwona kaka yake amesimama langoni, amelowa, hana blanketi. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiuliza tu, "Mbona hamnifungulii?" Jeff aliamka na kwenda kutazama lango, na mbwa alikuwa amesimama pale pale, mkia chini, akitazama mahali pasipo na mtu. Aliacha kulala vizuri. Kazini alianguka kutoka kwenye ngazi.

Caleb aliposikia ndoto hiyo alikuja tena, safari hii bila wanawake.

"Min Willis," alisema, "mtu ambaye hajazikwa hana pa kulala. Leo anaomba blanketi. Kesho atakuwa jachien, pepo wa kusumbua watoto wa Jeff kabla hawajazaliwa. Wazee walituachia njia. Wacha tuchukue yago."

Alimaanisha lile tunda refu, zito, la mti wa mvungunya. Mtu akipotea majini au vitani, mwili usipatikane, yago huviringishwa kwa shuka na kulazwa kaburini mahali pake, na ardhi hukubali.

"Anayejibu hazikwi," Risper akasema.

"Anayegonga. Hata panya anagonga."

"Caleb, usinitukanie mtoto."

Jioni hiyo Jeff alijaribu yeye mwenyewe. Alimkuta mama yake akifuta vumbi kwenye redio kwa pindo la kanga.

"Mama, Millicent atazaa mwezi ujao. Mtoto atazaliwa kwa watu, kama hana kwao."

"Tungoje kidogo. Kaka yako atarudi."

"Unamwita kila Jumamosi, hata kama hayuko," Jeff akasema. "Na mimi niko hapa nakuita kila siku. Mbona hunisikii?"

Risper aliendelea kufuta. Jeff alitoka nje, na usiku huo alilala kwa rafiki yake sokoni.

Wiki hiyo Jeff alikwenda Suna kutafuta waya wa umeme kwa bosi wake, akamkuta Nchagwa dukani kwa Ongeri. Akamweleza yote, kama mtu anavyomweleza asiye wa ukoo wake. Nchagwa alisikiliza ameshika redio ya mtu mkononi. Siku ya pili yake alikuwa Rodi, ametoka Kehancha asubuhi, viatu vimejaa matope, kofia mkononi.

Risper alifurahi kumwona. Waliongea kila Jumamosi, lakini walikuwa wameonana ana kwa ana mara chache tu. Alimpa kiti, chai ya maziwa na viazi vitamu. Nchagwa hakugusa.

"Mama," alisema, "mimi nimekuja na maneno mbaya."

Risper alimsikia akivuta pumzi. Aliitambua pumzi ile. Alikaa.

"Ile Jumamosi ya kwanza," Nchagwa akasema, "mbuzi ya jirani ilikuwa imeingia kwa tumbaku yangu. Nikatoka kufukuza. Nikarudi mbio, nikasikia umeita jina halafu umenyamaza. Nikafikiri ni mimi umeita. Nilikuwa nahema, siwezi kuongea, nikagonga. Ko, ko. Nipo. Halafu nikasikia wewe unamwambia Mungu asante."

Chai ilikuwa ikitoa mvuke katikati yao.

"Ningesema nini, mama? Ningesema ni mimi, ni mbuzi? Nilitaka kusema. Nikashika kitufe, nikaachia. Jumamosi ingine ukaita Willis, ukangoja. Nikasikia vile unangoja. Mke wangu akaniangalia. Nikagonga." Alifuta uso kwa kofia. "Tangu hiyo siku najibu mara mbili. Ya kwanza kwa mdomo, ya pili kwa ukucha. Nilidhani nakusaidia. Sasa nasikia huyu kijana hawezi kuoa sababu ya ukucha yangu."

Risper alikuwa akimtazama yule mtu mpole na kumchukia kwa moyo wake wote, jinsi alivyokuwa hajawahi kumchukia mtu. Kisha akasema, "Gonga."

"Mama?"

"Hapo kwa meza. Gonga vile unagonga."

Nchagwa aliinua mkono. Akagonga kwa ukucha wa kidole cha kati, ko, ko. Risper alifumba macho. Ilikuwa ile ile: ya kwanza nzito, ya pili kama mtu anayeomba radhi. Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameisikia akasema huyo ni mwanangu, yeye ambaye angeweza kumtambua mtu kwa pumzi. Masikio hayakuwa yamemdanganya. Aliyaambia aliyotaka yasikie, nayo yakatii.

"Kunywa chai," alisema. "Imepoa."

Alipokuwa akimsindikiza hadi barabarani alimwambia neno moja tu: "Jumamosi usigonge."

Jumamosi ilifika. Aliita Fanuel. Aliita Nchagwa, na Nchagwa akaitikia kwa sauti ndogo. Aliita Willis, akaachia kitufe. Redio ilivuma. Alingoja kama alivyokuwa akingoja zamani, mkono juu ya kitambaa cha meza, na hakuna kilichogonga. Kilikuwa kimya kirefu kuliko vyote alivyowahi kuvisikia katika kazi yake, na laini ilikuwa wazi. Aliogopa. Alitaka kusema neno, lolote, ili tu ashike kitufe asisikie. Mwishowe aliita Ongeri, akafunga kikao, akamwita Jeff kutoka zizini.

"Nenda kwa baba yako mkubwa," alimwambia. "Mwambie atafute yago."

Walizika Jumamosi iliyofuata. Risper alikuwa na sharti moja, na Caleb, ambaye alikuwa amepata alichotaka, hakubisha. Redio itolewe nje. Jeff aliiweka kwenye meza ndogo karibu na kaburi pamoja na betri ya gari, na kuvuta waya hadi kwenye mikaratusi miwili ilikotundikwa antena. Ongeri alifunga duka na kuja. Nchagwa alikuja na mkewe, na kabla hajasalimia mtu alitoa kitu mfukoni akakiweka mezani mbele ya Risper. Ilikuwa maiki yake, ameifungua kwenye redio, waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Risper aliitazama, akaitikia kwa kichwa, akaiacha hapo hapo. Ndiyo kusema wote walikuwa pale, isipokuwa Fanuel. Huyu alikuwa na kidonda mguuni na barabara ya Lambwe ilikuwa bado imeoza kwa mvua, kwa hiyo alibaki kwake, mbele ya redio yake, kuhudhuria hewani.

Lile tunda lilikuwa limeviringishwa kwa shuka nyeupe, ndani ya sanduku lililotengenezwa na seremala wa Rodi. Watu waliobeba walisema lilikuwa zito kupita tunda. Mchungaji aliomba kwa haraka kidogo, kama mtu asiye na uhakika anamzika nani. Sanduku likashushwa. Wanaume walishika majembe wakamtazama Risper, na Risper akatazama saa. Ilikuwa saa kumi.

Alichukua maiki. Akaita Fanuel. Kutoka Lambwe Fanuel akasema, "Nipo." Akaita Nchagwa, na Nchagwa, aliyesimama upande wa pili wa kaburi, mikono nyuma, akaitikia kwa mdomo, "Nipo, mama." Kisha akamwita Willis. Akaachia. Mvumo. Akamwita mara ya pili. Akaachia. Watoto walikuwa wameacha kucheza. Akamwita mara ya tatu, kwa sauti ile ile ambayo wilaya nzima iliijua, akaachia, akangoja. Kisha akabonyeza kusema lile neno la mwisho, amefunga kituo.

Halikutoka. Alifungua mdomo na kilichotoka ni nduru.

Nimesema alikuwa opereta na opereta halii. Basi vilio vyote alivyovipitisha kwenye swichibodi bila kulia, na kile chake mwenyewe alichokikalia tangu gari jeupe lije, vilitoka pamoja. Wanawake wa ukoo walikuwa wakingoja nduru hiyo kwa muda mrefu. Waliipokea, na boma zima likanyanyuka. Jeff alimshika mama yake mabegani. Alimwita kaka yake kwa jina, alilia, na Millicent, ambaye hakutakiwa kuwa pale, alikuwa nyuma yake amemshika shati. Majembe yalianza. Hakuna aliyeona kwamba kidole cha Risper kilikuwa bado kimebana kitufe. Nduru ile yote ilikwenda hewani, juu ya mabonde na juu ya mpaka, kwa yeyote aliyekuwa anasikiliza. Jeff alipoitoa maiki mkononi mwake mwishowe, ilibidi akunjue vidole kimoja kimoja.

Jeff aliacha kuota. Kabla ya mavuno, Millicent alikuwa ameletwa bomani na mtoto mgongoni, msichana, na nyumba ya mlango mpya ilikuwa imesimama mahali pa ile ya kufuli. Mbwa alirudi kulala jikoni. Caleb alisema aliwaambia, na alirudia kusema hivyo kila alipokuja kula.

Mguu wa Fanuel ulipopona alikuja Rodi mwenyewe. Alimkuta Risper amekaa kwenye mkeka akiambua njugu, mjukuu amelala kando. Fanuel alikaa, akasaidia kuambua, akazungumzia bei ya mahindi. Risper alimwacha azunguke. Alijua kuna neno linakuja.

"Siku ile," Fanuel akasema mwishowe, "sikutaka kusema hewani. Unamjua Ongeri."

"Sema."

"Ulikuwa unalia na umeshika kitufe. Mimi nilisikia yote. Nilivua kofia, nikasimama hapo peke yangu kwa nyumba." Alipasua njugu, akaiweka kwenye ungo. "Chini ya sauti yako, Min Willis, kulikuwa na kitu. Mara mbili."

Mtoto alijigeuza usingizini. Risper aliendelea kuambua.

"Nchagwa alikuwa hapa," alisema. "Maiki yake ilikuwa kwa meza yangu."

"Najua. Aliniambia."

"Labda ni udongo. Ulikuwa unagonga sanduku."

"Labda," Fanuel akasema, na kuutazama mguu wake. "Wewe ulisikia nini?"

"Mimi sikusikia," Risper akasema. "Nilikuwa nimeshika kitufe."

Fanuel hakuuliza tena, siku hiyo wala baadaye. Kikao kinaendelea Jumamosi saa kumi, na jina la Willis haliitwi, kama desturi inavyotaka. Risper anaita Fanuel, anaita Nchagwa, anaita Ongeri. Lakini baada ya Nchagwa kuitikia, kabla hajamwita Ongeri, anaachia kitufe kidogo, na wenzake wote wanamngoja.